SKS: Tarehe ya Karabini ya Simonov, Kutoka Kovrov Hadi Nachingwea

Ukitaja bunduki ya Kirusi, watu wengi hufikiria moja tu, ile ya Kalashnikov. Imo hata kwenye bendera ya Msumbiji. Lakini ipo nyingine iliyoingia rasmi katika jeshi la Kisovieti mwaka uleule wa 1949, ikatumia risasi ileile, ikabebwa na mamilioni ya askari kuanzia Berlin ya Mashariki hadi kingo za mto Ruvuma. Jina lake ni SKS, yaani karabini ya Simonov inayojipakia yenyewe. Karabini ni bunduki ya vita iliyofupishwa. Nchini Tanzania polisi, mgambo na askari wa wanyamapori wanaijua zaidi kwa kifupisho cha SAR.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bunduki hii imekaa kivulini mwa mwenzake kwa zaidi ya miaka 70, na pamoja nayo imefichika sehemu ya historia yetu wenyewe. Tarehe yake ni hii.

Mhunzi wa Kovrov

Sergei Gavrilovich Simonov alizaliwa mwaka 1894 katika kijiji cha Fedotovo, jimbo la Vladimir, mashariki ya Moscow. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipofika umri wa miaka 16 alianza kazi kwenye karakana ya mhunzi, na kutoka hapo akapanda ngazi kwa mikono yake: mhunzi, fundi mitambo, kisha mtumishi wa kiwanda cha silaha cha mji wa Kovrov.

Kovrov ilimpa walimu. Mmoja alikuwa Vladimir Fedorov, jenerali na msomi wa silaha, na mwingine Vasily Degtyarev, fundi ambaye baadaye jina lake lilibandikwa kwenye bombomu za jeshi zima la Kisovieti. Fedorov alikuwa amekwisha kubuni bunduki iliyojipakia yenyewe na kutumia risasi ndogo ya Kijapani ya milimita 6.5. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, kombania moja ya Warusi ilipelekwa nayo mstari wa mbele upande wa Romania. Simonov alijifunza kazi katika kiwanda ambako wazo hilo lilikuwa mezani kila siku.

Wazo lenyewe lilikuwa limewatesa mafundi wa dunia nzima. Askari wa wakati ule, baada ya kila risasi, alilazimika kuondoa mkono kwenye kifyatulio, kuvuta bolti nyuma, kutupa ganda, kusukuma bolti mbele na kulenga upya. Sekunde hizo chache ziliua watu wengi. Mexico ilijaribu bunduki ya Mondragón mwaka 1908. Ufaransa iliingiza yake vitani mwaka 1917. Zote zilikutana na maadui walewale: matope, bei kubwa, na risasi za zamani zilizokuwa ndefu na zenye nguvu kupita kiasi, zikivunja vyuma vilivyotakiwa kujiendesha vyenyewe.

Simonov alionja uchungu huo. Bunduki yake ya AVS-36 ilikubaliwa na jeshi mwaka 1936, ikitumia risasi kubwa ya Kirusi ya milimita 7.62 yenye ganda la milimita 54. Mitambo yake ilikuwa tata na ilichukia uchafu. Shindano jipya lilipoitishwa, bunduki ya Fedor Tokarev ndiyo iliyochaguliwa, Februari 1939. Tokarev alikuwa mzee mwenye heshima kubwa na alijulikana kwa Stalin. Simonov akarudi kazini.

Bunduki ya kuvizia vifaru

Ujerumani ilipouvamia Muungano wa Kisovieti Juni 1941, jeshi lilitaka haraka kitu ambacho askari wa miguu angeweza kukibeba na kutoboa ngozi ya kifaru. Simonov alitoa bunduki ndefu na nzito yenye risasi za milimita 14.5, magazini ya risasi tano, na yenye kujipakia yenyewe. Ikaitwa PTRS, ikakubaliwa Agosti mwaka huohuo.

Kwa jina ni silaha nyingine, lakini ndani ya tumbo lake ndimo ilimotoka SKS. Ukizifungua zote mbili utaona mtindo mmoja wa kazi: pistoni fupi juu ya mtutu, na bolti inayojifunga kwa kuinamisha mkia wake. Simonov alichukua mtambo uliokwisha kuhimili risasi ya kutoboa chuma, akaupunguza ukubwa hadi ukamtosha askari wa kawaida. Alikuwa amejifunza somo la mwaka 1936: mtambo uwe na vipande vichache, vinene, visivyoogopa vumbi.

Kilichobaki kilikuwa risasi. Julai 1943 wakuu wa silaha wa Kisovieti walikutana Moscow kutazama vitu viwili vilivyotoka nje: bunduki mpya ya Wajerumani yenye risasi fupi, na karabini nyepesi ya Wamarekani, ile ya M1. Somo lilikuwa wazi. Askari wengi walikuwa wakipigana umbali wa chini ya mita 400, ilhali walibeba risasi zilizotengenezwa kufika kilomita mbili. Wahandisi Nikolai Elizarov na Boris Semin wakapewa kazi ya kuunda risasi ya kati: kubwa kuliko ya bastola, ndogo kuliko ya bunduki ya zamani. Baada ya marekebisho ya miaka kadhaa ganda lake lilitulia kwenye urefu wa milimita 39. Hiyo ndiyo risasi ambayo leo inapatikana karibu kila mahali penye vita duniani.

Simonov alikuwa tayari. Mwaka 1944 karabini yake kwa risasi hiyo mpya ilikuwa kwenye majaribio. Miongoni mwa walioleta michoro ya kushindana naye alikuwemo sajini kijana aitwaye Mikhail Kalashnikov, aliyempungukia Simonov kwa miaka 25. Karabini ya sajini ilishindwa, ya Simonov ikaendelea. Kalashnikov aliondoka na aliyojifunza, akaanza kazi ya bunduki nyingine ya kufyatua mfululizo.

Mwanzoni mwa mwaka 1945 kundi dogo la karabini za Simonov lilipelekwa kwenye jeshi la Belarusi ya Kwanza, lililokuwa likielekea Berlin. Askari waliipenda kwa wepesi wake na kulalamikia namna ilivyochukua uchafu na kung'ang'ania maganda. Kasoro zikarekebishwa, lakini vita vikaisha kabla ya viwanda kuanza kuitengeneza. Ilikubaliwa rasmi mwaka 1949, na Simonov akapewa Tuzo ya Stalin kwa kazi hiyo.

Inavyofanya kazi

SKS ina urefu wa mita moja na ushee, uzito usiofika kilo nne, na magazini ya risasi 10 isiyochomoka. Askari huvuta bolti nyuma, huchomeka kwa juu kibati chembamba kilichoshika risasi 10, huzisukuma zote kwa kidole gumba, kisha huachia bolti irudi mbele. Anapofyatua, sehemu ya gesi ya baruti hupita kwenye tundu dogo juu ya mtutu na kuisukuma pistoni. Pistoni hupiga kijiti cha chuma, kijiti hukisukuma kibebeo cha bolti, kibebeo huuinua mkia wa bolti na kuufungua. Ganda hutupwa nje, springi huurudisha mtambo mbele, na risasi nyingine inaingia chemba. Kila kidole kinapobonyeza, risasi moja hutoka. Ya mwisho ikishatoka, bolti hubaki wazi, na askari anajua kwamba imekwisha.

Chini ya mtutu imekunjwa singe ambayo haitengani na bunduki. Za kwanza zilikuwa na singe ya msumari, na punde ikafuata ya bapa kama kisu. Kitako ni cha mbao. Ndani ya kitako pana tundu la vifaa vya kusafishia, na kijiti cha kusafishia mtutu kimepachikwa chini ya mtutu wenyewe. Kila anachohitaji askari kuitunza bunduki anakibeba pamoja nayo. Jambo hili dogo lilikuja kuwa na maana kubwa kwa watu waliopigana mbali na karakana yoyote.

Miaka michache ya heshima

Viwanda vya Tula na Izhevsk vilitoa zaidi ya SKS milioni mbili kabla ya kusimamisha kazi katikati ya miaka ya 1950. Mpango wa awali ulikuwa bunduki ya Kalashnikov, AK, ichukue nafasi ya rashasha ndogo za zamani, na SKS iwe bunduki ya askari wa kawaida. Tena AK za kwanza zilikuwa na matatizo kiwandani, kwa hiyo miaka ya mwanzo mzigo ulibebwa na Simonov.

Matatizo hayo yalipotatuliwa, hesabu ikabadilika. Bunduki mbili zilitumia risasi moja, lakini moja ilikuwa na risasi 30 katika magazini ya kuchomoka na iliweza kufyatua mfululizo. Mwaka 1959 ilipotoka AKM, nyepesi na rahisi kutengeneza, SKS haikuwa tena na nafasi mstari wa mbele wa jeshi lililoizaa. Ilipelekwa kwa walinzi wa maghala, vikosi vya nyuma, na gwaride. Kwenye gwaride imebaki hadi leo: askari wanaolinda Kaburi la Askari Asiyejulikana ukutani kwa Kremlin hubeba SKS, kwa sababu mbao zake na singe yake hupendeza jicho.

Simonov mwenyewe alitunukiwa cheo cha Shujaa wa Kazi ya Ujamaa mwaka 1954. Alifariki Moscow mwaka 1986, akiwa na miaka 91.

Watoto wa nchi nyingine

Silaha iliyopitwa nyumbani haikutupwa. Moscow iligawa michoro, mashine na bunduki zilizokwisha kutumika kwa marafiki zake. Romania ikatengeneza zake mwishoni mwa miaka ya 1950. Ujerumani ya Mashariki ikaiita Karabini-S na kuwapa walinzi wake wa heshima. Yugoslavia ikaongeza ncha ya kurushia maguruneti mdomoni mwa mtutu. Albania na Korea Kaskazini nazo zikawa na za kwao.

Lakini mtoto mkubwa alizaliwa China. Mwaka 1956 kiwanda cha Jianshe mjini Chongqing kilianza kutoa nakala iliyoitwa Aina ya 56. China ilikuwa na jeshi kubwa, viwanda vichanga, na fikra ya kijeshi iliyothamini kulenga vizuri na kutopoteza risasi. Karabini ya risasi 10 iliwafaa kabisa. Pale Wasovieti walipoacha baada ya miaka michache, Wachina waliendelea kwa miongo, wakatoa mamilioni kwa mamilioni. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 walirudisha singe ya msumari, na kwa hiyo singe pekee mara nyingi hutosha kumwambia mjuzi bunduki ilitoka wapi.

Kisha urafiki wa nchi hizo mbili ukavunjika. Machi 1969 wanajeshi wa China na wa Kisovieti walipigana katika kisiwa cha Zhenbao, kwenye mto Ussuri, na Wachina walikuwa wamebeba bunduki iliyobuniwa na Simonov. Wavietnam nao waliitumia dhidi ya Wamarekani, na kwa kuwa haifyatui mfululizo, askari wa Marekani waliruhusiwa kurudi nayo nyumbani kama kumbukumbu. Mwaka 1979 China ilipoishambulia Vietnam, mambo yaligeuka. Askari wa China wenye karabini za risasi 10 walikutana na Wavietnam wenye AK, tena waliotoka kupigana miaka mingi mfululizo. Baada ya vita hivyo China ikaharakisha kuistaafisha karabini na kuleta Aina ya 81.

Njia ya Dar es Salaam

Sasa tufike kwetu. Mwezi Mei 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa Addis Ababa, na Kamati yake ya Ukombozi ikawekwa Dar es Salaam. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na jeshi hilo la kurithi kwa mkoloni likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Wiki chache baadaye, tarehe 25 Septemba, FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilifyatua risasi za kwanza za vita vya ukombozi huko Chai, Cabo Delgado.

Matukio haya yaliungana kwenye bandari moja. China ilianza kuipa Tanzania wakufunzi na silaha, na silaha za China na za Kisovieti kwa ajili ya wapigania uhuru zilishushwa Dar es Salaam, zikaelekezwa kambini: Kongwa katika Dodoma, Mgagao katika Iringa, Nachingwea kusini. Kongwa walipita vijana wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia, Angola na Zimbabwe. Mgagao wakufunzi wa Kichina waliwafundisha wapiganaji wa Zimbabwe wa ZANLA. Nachingwea ikawa shule kuu ya FRELIMO chini ya Samora Machel, na kuanzia mwaka 1967 wanawake wa Msumbiji nao walifundishwa silaha na kuunda kikosi chao.

Katika kambi hizo SKS ilipata kazi ambayo Tula haikuifikiria. Adui, Mreno, alikuwa na bunduki ya G3 yenye risasi 20 na uwezo wa kufyatua mfululizo, pamoja na ndege na malori. Mpiganaji wa FRELIMO alivuka Ruvuma kwa miguu. Kila risasi aliyoipiga ilikuwa imebebwa na mtu, mgongoni au kichwani, mwendo wa siku nyingi porini, na mara nyingi mbebaji alikuwa mwanamke wa kijijini. Katika hali hiyo bunduki inayotoa risasi moja kwa kila mbonyezo inamfundisha mtu kulenga. Kasoro iliyoiondoa SKS kwenye jeshi la Moscow, yaani uchache wa risasi na kutofyatua mfululizo, kwa mpiganaji wa msituni ilikuwa nidhamu. Na mpiganaji aliyekuwa na kijiti na vifaa vya kusafishia ndani ya bunduki yake hakuhitaji ghala.

Hatusemi kwamba karabini ndiyo iliyoshinda. Wapiganaji waliotaka AK walikuwa na haki, na walizipokea kwa wingi kadiri miaka ilivyokwenda. Hata hivyo SKS ilikuwepo tangu mapema, ilikuwepo Msumbiji, Zimbabwe, Angola na Namibia, na iliwaweka mstarini vijana wengi. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, Zimbabwe Aprili 1980, Namibia Machi 1990.

Deni lililobaki

Tarehe ya haki haifichi upande wa pili. Chuma hakifi pamoja na vita vilivyokileta. Msumbiji iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia mwaka 1977 hadi 1992, na silaha zilizoletwa kuwakomboa watu ziliwaua watu haohao. Baadhi ya bunduki za zama za ukombozi ziliangukia mikononi mwa majangili na majambazi, na hadi leo askari wa hifadhi anaweza kumkamata jangili mwenye SAR, ilhali yeye mwenyewe amebeba SAR.

Wapo waliolikabili deni hili kwa vitendo. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mpango wa kubadilisha silaha kwa zana za kazi. Mtu alileta bunduki, akaondoka na jembe, baiskeli au cherehani, bila kuulizwa aliipata wapi. Bunduki zilikatwa vipande, na wasanii wa Maputo wakavitumia kuunda sanamu. Kiti cha enzi alichokiunda Cristóvão Canhavato, ajulikanaye kama Kester, kwa vipande vya silaha hizo, leo kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London.

Hukumu yangu juu ya SKS ni hii. Kama mtambo, ilikuwa kazi safi ya fundi mwaminifu, iliyokamilika ikiwa imechelewa, ikapitwa na kijana aliyeshindwa nayo miaka michache nyuma. Kama silaha ya vita, ilithaminiwa zaidi na maskini kuliko na walioibuni. Kwa Afrika Mashariki na Kusini, ni shahidi wa miaka ambayo Tanzania, nchi changa isiyo na kitu, ilikubali kuwa ghala na uwanja wa mazoezi wa bara zima na kubeba hatari zake.

Mtambo wa Simonov umeandikwa kila pembe, hadi alama ndogo za viwandani zinazoonyesha mwaka. Waliobeba mtambo huo hawajaandikwa hata robo yao, na wengi sasa ni wazee wa miaka 70 na 80. Msomaji, kama nyumbani kwako au kijijini kwako, iwe Nachingwea, Kongwa, Mgagao, Newala au Mueda, yupo mzee au bibi aliyepita kambini au aliyebeba masanduku ya risasi kuvuka Ruvuma, mwendee. Muulize jina la kambi, mwaka, wenzake, na waliobaki njiani. Yaandike, na nakala moja uipeleke kwenye nyaraka za taifa au maktaba iliyo karibu nawe.